Kutumwa na Kujituma: Yanayomfunga Mfanyakazi na Kampuni ya Kibinafsi

Utangulizi

Suala la ajira limejadiliwa kwa mapana na wanauchumi, wanasheria na wataalamu wa usimamizi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, aghalabu, tumeliacha lipite kana kwamba halituhusu ndewe wala sikio. Makala haya yananuia kulileta uwanjani mwetu. Swali linaloongoza mjadala ni hili: ni mambo gani yanayomfanya mfanyakazi wa kampuni ya kibinafsi aishughulikie kazi ya mwajiri kana kwamba ni shamba lake mwenyewe, na ni yapi yanayomfanya afike kazini kila asubuhi ilhali moyo wake umekwisha kuondoka zamani?

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watauliza swali hili lina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili. Uhusiano upo wa aina mbili. Kwanza, si kila anayehitimu miongoni mwetu ataajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu au kupata nafasi ya kufundisha chuoni. Wengi wataishia katika kampuni za uchapishaji, vituo vya redio, shule za kibinafsi, kampuni za bima na ofisi za tafsiri. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, nitajaribu kuonyesha kwamba lugha yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayoamua kama mfanyakazi atajifunga na kampuni au la.

Mimi mwenyewe, kabla ya kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, nilifanya kazi kwa miaka miwili katika kampuni moja ya uchapishaji jijini Nairobi nikiwa mhariri msaidizi wa vitabu vya Kiswahili. Baadhi ya mifano nitakayoitoa ni ya huko. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa niliyoyaona si ya kampuni moja tu.

Tatizo la jina

Mtafiti anayetaka kuijadili mada hii kwa Kiswahili hukabiliwa na kikwazo mlangoni: dhana yenyewe tuiite nani? Katika matangazo ya kazi magazetini, waajiri hutaka watu "waaminifu", "wanaowajibika", "wenye kujitolea", "wanaojituma". Maneno haya hutumiwa kwa kubadilishana kama kwamba ni visawe, lakini sivyo.

Uaminifu katika matumizi ya kila siku kazini umefinywa ukawa ni kutoiba. Mlinzi mwaminifu ni yule asiyeshirikiana na wezi. Mweka fedha mwaminifu ni yule ambaye hesabu zake hazipungui. Mtu anaweza kuwa mwaminifu wa aina hiyo kwa miaka 20 na asiijali kampuni hata chembe. Uwajibikaji nao una harufu ya kuulizwa na kujibu: mtu huwajibika mbele ya mwingine. Neno "kujitolea" ni zuri, ila limebeba maana ya pili iliyo hatari. Mfanyakazi wa kujitolea, kwa Kiswahili cha Kenya, ni mtu asiyelipwa. Nimewahi kumsikia meneja akiwaambia wahariri walioombwa kufanya kazi Jumapili kwamba kampuni inahitaji "watu wa kujitolea", na kila aliyekuwa chumbani akaelewa mara moja kwamba hapakuwa na marupurupu.

Mimi napendekeza "kujituma", na sababu yangu ni ya kimofolojia. Mzizi -tum- umezaa ukoo mpana wa maneno ya kazi. Anayetumwa na asiwe na hiari ni mtumwa. Anayetumikia wengine ni mtumishi. Kitu kinachofaa kwa kazi hutumika. Lakini tukipachika kiambishi kirejeshi -ji-, mtumaji na mtumwaji wanakuwa mtu mmoja. Anayejituma hakungoja kuamriwa. Kwa hiyo swali la makala haya laweza kuandikwa upya kwa maneno machache: mtu aliyeajiriwa ili atumwe, ni nini kinachomfanya ajitume?

Nyuso tatu za kubaki

Watafiti wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walichapisha mwaka wa 1991 makala ambayo hadi leo hunukuliwa katika takriban kila tasnifu inayoshughulikia mada hii. Waligawa hali ya mfanyakazi kujifunga na kampuni katika aina tatu, nami nitazipa majina ya Kiswahili kwa jukumu langu mwenyewe. Ipo ya moyo: mtu hubaki kwa kuwa anataka. Ipo ya hesabu: mtu hubaki kwa kuwa akiondoka atapoteza zaidi ya atakachopata. Na ipo ya deni: mtu hubaki kwa kuwa anahisi ni wajibu wake kubaki, kwamba kuondoka kungekuwa utovu wa fadhila.

Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kuijua aina ya pili. Waliponena "mtumikie kafiri upate mradi wako", walieleza kwa ukamilifu hali ya mtu anayemtumikia mwajiri asiyempenda kwa sababu ana ada ya shule ya kulipa mwezi Januari. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" nayo ni ya ukoo huo huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba methali hizi hazimlaumu mtumishi. Zinampa ruhusa ya kuuweka moyo wake mbali na kazi ya mikono yake.

Hapa ndipo waajiri wengi nchini hudanganyika. Meneja hutazama takwimu zake, akaona kwamba ni wachache walioacha kazi mwaka huo, akajipongeza kwamba wafanyakazi wameipenda kampuni. Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya kazi zimo katika sekta ya jua kali, na ambamo tangazo la nafasi moja huvuta bahasha kwa mamia, kutoondoka hakuthibitishi mapenzi. Huenda kunathibitisha tu kwamba nje kuna baridi. Watu hawa wa hesabu hufika saa mbili kamili na kuondoka saa kumi na moja kamili. Huifanya kazi iliyoandikwa na kuiacha isiyoandikwa, hata kama ni kumwambia mwenzake kwamba bomba la maji linavuja.

Aina ya tatu, ile ya deni, ina mizizi mirefu katika jamii zetu, nami nadhani watafiti wa Magharibi hawakuipa uzito inaostahili huku kwetu. Mfanyakazi mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Kampuni ilitoa basi la kutupeleka mazishini magharibi ya Kenya, na mkurugenzi mwenyewe alifika, akakaa chini ya turubai na wazee hadi jioni. Mwenzetu huyo alipata kazi kwingine mwaka uliofuata, yenye malipo bora, akaikataa. Alipoulizwa alisema kwamba mtu aliyekuja kumzika mama yako humwachi kwa ajili ya shilingi. Hata hivyo, hisani ni upanga wenye makali kuwili. Mkurugenzi huyo huyo alizoea kutoa kama zawadi yale ambayo sheria inayataja kuwa haki, kwa mfano likizo ya uzazi ya wanaume ya wiki mbili. Mfanyakazi akishukuru kwa kilicho chake, amejifunga kwa deni ambalo hakulikopa.

Kivuli cha kipande

Huwezi kuijadili hali hii nchini Kenya bila kutazama nyuma, kwa maana kampuni zetu zimerithi zaidi ya mashine na majengo. Zimerithi pia namna ya kumtazama mtu anayefanya kazi.

Neno "kibarua" lenyewe ni ushahidi. Ni barua ndogo, yaani kijikaratasi. Katika Unguja ya karne ya 19, jina hilo lilihusishwa na watumwa waliokodishwa na mabwana zao kufanya kazi za kutwa mjini. Katika Kenya ya wakoloni karatasi ilipewa nguvu ya dola. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi za ajira yake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Aliyemwacha mwajiri kabla ya kipande kutiwa saini alihesabiwa kuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Mfumo kama huo haukuhitaji kuuliza kama mfanyakazi anaipenda kazi. Ulihitaji tu kujua yuko wapi. Fasihi yetu imeyashughulikia matokeo yake kwa kina. Katika Kilio cha Haki (1981) cha Alamin Mazrui, mgogoro hutokea shambani mwa mlowezi, na mwanamke Lanina ndiye anayewaongoza wafanyakazi kudai haki. Katika Kuli (1979), Shafi Adam Shafi anatupeleka bandarini Unguja miongoni mwa wapagazi, katika kipindi cha mgomo wa 1948. Tunapozisoma kazi hizi darasani sisi huzungumzia matabaka, nasi hufanya vyema. Lakini zinaweza kusomwa pia kama maelezo ya jinsi ari ya kazi inavyouawa. Wafanyakazi wanaosawiriwa humo si wavivu. Kazi wanaiweza. Wanachokosa ni sababu ya kuiona kuwa inawahusu.

Mshahara na kipimo cha jirani

Mkono mtupu haulambwi. Itakuwa unafiki kuandika juu ya mada hii bila kukiri kwamba mshahara ni jambo la kwanza katika akili ya mfanyakazi anayeishi kwa kupanga. Mshahara ukichelewa hadi tarehe 10, mwenye nyumba hachelewi. Mtu ambaye mawazo yake yote yako kwa mwenye nyumba hana yaliyobaki ya kuipa kampuni.

Pamoja na hayo, utafiti wa Frederick Herzberg na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, ulidai jambo ambalo bado linazua ubishi. Kwa mujibu wa Herzberg, mshahara mbaya huleta manung'uniko, ila mshahara mzuri hauzai ari kwa kiwango hicho hicho. Kinachozaa ari ni kazi yenyewe: kuona kitu kimekamilika, kutambuliwa, kupewa dhamana. Nakiri kwamba wahandisi wa Pittsburgh si wachumaji wa maua wa Naivasha, na sharti tuwe waangalifu tunapoyahamisha matokeo hayo. Mtu asiyeshiba hatapewa dhamana akaila.

Mimi navutiwa zaidi na hoja ya John Stacey Adams, aliyeandika katika miaka ya 1960 kwamba mfanyakazi hapimi mshahara wake kwa kiasi chake bali kwa kuulinganisha na wa mwenzake. Hili nimelishuhudia. Idara yetu ilikuwa na mhariri mwenye tajiriba ya miaka sita, hodari ajabu, aliyekuwa akirudi nyumbani na miswada bila kuombwa. Siku moja karatasi ya malipo ya kijana mpya ilisahauliwa kwenye mashine ya kurudufu. Kijana yule alikuwa akilipwa zaidi yake. Mhariri wetu hakugombana na mtu. Aliacha tu kubeba miswada nyumbani. Mshahara wake haukuwa umepungua hata senti, ila tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wachache ndio wanaojua kwamba kifungu hicho kipo.

Mfano mkubwa zaidi tuliuona mnamo Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walipogoma kwa siku kadhaa na safari nyingi zikakatizwa. Kampuni hiyo ilibinafsishwa mwaka wa 1996, ingawa serikali ingali mwanahisa mkubwa. Marubani si watu wa mishahara midogo, na wananchi wengi hawakuwahurumia. Hata hivyo, miongoni mwa madai yao makuu yalikuwa michango ya mwajiri katika hazina yao ya akiba ya uzeeni, ambayo ilikuwa imesimamishwa, na malipo yaliyozuiliwa tangu siku za korona. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, utaona ni malalamiko juu ya ahadi.

Mkataba wa miezi mitatu

Nikiulizwa ni jambo gani moja lililoua kujituma katika kampuni niliyoifanyia kazi, sitasita kulitaja: mikataba ya miezi mitatu mitatu. Wengi wetu tuliajiriwa hivyo. Barua ya kuongezewa muda ilikuja siku ya mwisho, wakati mwingine alasiri, na mara mbili ilikuja baada ya muda kwisha, nasi tukafanya kazi siku kadhaa tusijue kama tumeajiriwa.

Athari yake haikuonekana katika vitabu vya hesabu, bali ilionekana katika vitabu vyenyewe. Kitabu cha kiada huchukua mwaka au zaidi kutoka mswada hadi dukani. Mtu mwenye miezi mitatu hawezi kukipenda. Wiki mbili za mwisho za kila mkataba, simu zilikuwa mikononi na barua za maombi zikiandikwa kwenye kompyuta za kampuni. Mhariri mmoja akaondoka, mwingine akapokea, naye akaondoka. Nilipokabidhiwa mswada mmoja wa darasa la sita, nilikuta umepitia mikono mitatu: ukurasa wa 12 ulisema "tarakilishi", wa 40 "ngamizi", na wa 60 "kompyuta". Hapakuwa na mzembe kati ya wale watatu. Kila mmoja alihariri kwa bidii sehemu ya kitabu ambayo angekuwapo kuiona.

Denise Rousseau aliandika mwaka wa 1989 juu ya mkataba usioandikwa uliopo kati ya mwajiri na mwajiriwa, yaani matarajio ambayo kila upande huyabeba moyoni ukiamini kwamba mwingine ameyakubali. Mfanyakazi huamini kwamba akifanya vyema atabakizwa. Mwajiri huamini kwamba akilipa kwa wakati amemaliza. Mkataba huu ukivunjwa, hakuna mahakama itakayousikiliza, na mfanyakazi hujilipia mwenyewe kwa kupunguza alichokuwa akikitoa bure.

Sheria imejaribu kuziba baadhi ya mianya. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mkataba, si wa kutwa. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Walakini, mkataba wa muda maalumu una ujanja wake: muda ukiisha, umeisha, na mwajiri hana haja ya kumfuta mtu.

Lugha ya kuamuru na lugha ya mkataba

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya usimamizi nilivyovisoma vimelipita mbio, na ambalo ndilo lililonisukuma kuandika.

Kampuni ya Kenya ina lugha mbili zinazoishi ghorofa mbalimbali. Juu, kwenye chumba cha mikutano, ni Kiingereza. Sera, mikataba, barua za onyo na za pongezi, zote ni kwa Kiingereza. Chini, ghalani, jikoni na langoni, ni Kiswahili, lakini Kiswahili cha aina moja mahususi: cha hali ya kuamuru. Leta. Ondoa. Fagia. Haraka. Mwalimu wa sarufi angeweza kufundisha hali hiyo ya kitenzi kwa siku nzima akisimama tu mlangoni mwa ghala. Kwa namna hii Kiswahili, ambacho Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, huwa kazini ni lugha ya kutumwa, na Kiingereza huwa lugha ya haki na masharti.

Katika ghala letu palikuwa na mpakiaji aliyekuwa amefanya kazi miaka tisa, mtu wa makamo anayekaribia miaka 60. Msimamizi wa wakati huo, kijana wa miaka 26 hivi, alimwita "wewe". Sisi wengine tulimwita Mzee, naye alizoea kuniita Mwalimu kwa kuwa nilishughulika na vitabu vya Kiswahili. Siku moja alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu," akasema, "nisomee hapa." Ulikuwa mkataba wake. Alikuwa ameutia saini kila mwaka. Nilipofika kwenye sharti lililosema kwamba siku za likizo zisizochukuliwa hazitalipwa wala kulimbikizwa, alinyamaza kitambo.

"Kumbe miaka yote hii mimi nadhani zinawekwa?"

Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa akikataa likizo, mwaka baada ya mwaka, akiamini kwamba anajiwekea akiba ya uzeeni. Siku 21 za kazi kila mwaka, kwa mujibu wa kifungu cha 28.

Ni muhimu msomaji ajue kwamba sheria ya nchi imelikumbuka suala hili. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba katika lugha anayoielewa, ikiwa hawezi kusoma au haielewi lugha uliyoandikwa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au udhaifu wa kazi, amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kikaoni. Sheria inajua kwamba haki isiyoeleweka haijatolewa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeitafsiri mikataba hiyo, na sisi tunaoweza tumeshughulika na kutafsiri vifungu vya mtihani.

Mwaka wa pili aliletwa msimamizi mpya, mwanamke aliyekuwa amefanya kazi kiwandani kabla ya kuja kwetu. Alimwita mpakiaji yule "Mzee wetu" tangu siku ya kwanza. Aliposikia habari ya mkataba aliniomba niutafsiri, nikautafsiri kwa jioni nne, na Jumamosi moja ukasomwa ghalani kwa sauti, sharti baada ya sharti, watu wameketi juu ya mabunda ya vitabu. Maswali yalichukua muda mrefu kuliko usomaji. Mshahara haukupanda. Sharti la likizo halikubadilika, ingawa Mzee alikwenda likizo mwaka huo, ya kwanza baada ya miaka mingi. Lililobadilika ni kwamba alianza kusema. Alimwambia msimamizi kwamba paa linavuja upande wa vitabu vya chekechea, jambo alilokuwa akilijua tangu mvua za mwaka uliotangulia. Alianza kuhesabu upya shehena zilizotoka kwa mchapaji, akagundua upungufu mara mbili. Hakuna aliyemtuma.

Sidai kwamba tafsiri yangu ndiyo iliyoyaleta hayo yote. Huenda ni adabu ya msimamizi, huenda ni likizo. Lakini Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka wa 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba mapenzi kwa chombo chake ndiyo humfanya achague kupaza sauti kabla ya kuondoka. Ningependa kuongeza kwamba ili mtu apaze sauti, sharti kwanza awe na lugha ambayo kampuni itaisikia. Vyama vya wafanyakazi hufanya kazi hiyo kwa kiasi fulani, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimisha mwajiri kukitambua chama kilichowasajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Katika kampuni ndogo kama yetu, hapakuwa na chama.

Juu ya mafunzo na kupandishwa cheo sina mengi ya kuongeza kwa yaliyokwisha kuandikwa. Waajiri huogopa kumfunza mtu ambaye ataondoka, na kwa kutomfunza humpa sababu ya kuondoka.

Kazi inayotungojea

Pendekezo langu kwa wanachama wa chama chetu ni dogo. Kila mwaka tunaandaa warsha za tafsiri, na kila mwaka tunatafsiri aya za riwaya au hotuba. Tuanze na mkataba wa ajira wa kurasa mbili. Tutakutana na matatizo ya istilahi yanayofaa kabisa tasnifu: tofauti kati ya kufutwa, kusimamishwa na kupunguzwa kazi, jina la kipindi cha majaribio, jina la yale malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa huduma ambayo kifungu cha 40 kinampa anayeachishwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa. Vibarua wa Kenya wanayaita malipo hayo kwa jina la Kiingereza, na wengi hawana hakika ni haki au ni zawadi.

Mimi niliondoka kampuni ile mkataba wangu wa nane ulipokwisha. Siku ya mwisho nilipewa cheti cha utumishi kama sheria inavyotaka, nikateremka ghalani kuaga. Mzee alitoa mfukoni nakala yake ya ule mkataba wa Kiswahili, sasa akiwa ameutia ndani ya karatasi ya plastiki, akaninyooshea kidole kwenye sharti la saba. Nilikuwa nimeandika "mwajiri" mahali palipopaswa kuwa "mwajiriwa". Aliniazima kalamu, nikalisahihisha, naye akaurudisha mfukoni.